Chai ya Madam wa Biolojia

Sogea karibu, wewe unayesubiri matokeo ya kidato cha nne, na wewe mzazi uliyekaa pembeni ukijifanya husikii. Najua mnachobishania nyumbani. Mmoja anasema PCB, mwingine anasema CBG, na shangazi aliyekuja kusalimia tu anasema mtoto wa kike asome masomo ya kuajiriwa haraka. Mimi nafundisha biolojia, kwa hiyo swali hilo hunijia kila mwaka, likiwa limevaa sare na kushika kalamu. Huwa sijibu haraka. Humweleza anayeuliza habari za mtu mmoja, kisha nampa kazi ndogo ya kufanya. Leo nitakufanyia wewe vivyo hivyo. Usiogope, nikitumia neno gumu nitalieleza.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wetu wa biolojia katika shule moja ya Kigoma, miaka ile ambayo wakimbizi walikuwa wakiingia kwa miguu kutoka Burundi na kwa maboti kutoka Kongo. Walimu wengine wa kike tuliwaita Madam na jina. Yeye alikuwa Madam tu. Ukisema "Madam anakuja," hakuna aliyeuliza yupi. Kila mtu alificha alichokuwa anakula.

Alitoka milima ya Upare. Zaidi ya hapo sikuwahi kujua, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia kwao. Alifika kwa treni kabla sisi hatujaanza shule, akiwa na sanduku la bati na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndoo hiyo ndiyo tuliyomjua nayo. Akienda sokoni alikuwa nayo, akienda ibadani aliiacha mlangoni. Ndani yake ungeweza kukuta kitunguu na sabuni, au chura. Mtu akimwomba amsaidie kuibeba, alikuwa akisema, "Asante, lakini tazama kwanza kilichomo." Wengi waliirudisha.

Kiha, lugha ya kwetu, kwake hakikuvuka salamu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno kwa soko letu, kimenyooka kama redio, na wauza samaki walipomsikia walikaa vizuri kama wanaohojiwa. Alikuwa mrefu, mkimya akiwa njiani, na alikuwa na tabia ya kusimama ghafla penye dimbwi. Watu walimpita. Yeye aliinama, akatazama viluwiluwi, akasahau alikokuwa anakwenda. Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia hadi tukawa tunaumalizia pamoja naye: "Kitazame kwanza, jina litakuja." Hakukubali mtu aanze kwa jina. Ukisema "hili ni ini," alikuuliza, "Nani kakwambia? Lina rangi gani? Limeshikana na nini?" Ukishindwa kujibu, hakukudhihaki. Alikusogezea sinia karibu zaidi.

Nikueleze habari ya samaki, maana mama yangu anaingia hapo.

Mama aliuza samaki Ujiji. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na yeye. Baba alichukuliwa na ziwa nikiwa sijaanza kukumbuka. Madam alipotaka samaki wa kupasua darasani alimwagiza mama kupitia kwangu: ngege wazima, wabichi. Nikafikisha ujumbe kama ulivyo. Asubuhi mama akanipa furushi. Madam alipolifungua mbele ya darasa, ngege walikuwa wameparuliwa magamba, wamepasuliwa, wametolewa matumbo, wameoshwa na kupakwa chumvi na ndimu.

Darasa zima likacheka. Madam akawatazama wale samaki kwa muda. "Vizuri," akasema. "Leo tutajifunza mifupa."

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe sokoni.

"Mama Tausi, asante kwa samaki. Lakini niliomba na matumbo yake."

"Matumbo ya nini, Mwalimu?"

"Ya kufundishia."

"Mwalimu, mimi nimpe mwalimu wa mwanangu uchafu? Watu wataniona vipi hapa?"

Kwetu kumpa mgeni samaki ambaye hajatolewa matumbo ni kama kumkaribisha kwenye kiti chenye matope. Mama alielewa ombi, ila mikono yake haikuweza kulitimiza. Safari ya pili alileta ngege waliopasuliwa vilevile, na pembeni, kwenye mfuko wa nailoni, akaweka matumbo yote pamoja. Alikuwa ameyaosha pia. "Mwambie Mwalimu nimeyaosha vizuri," alisema, "hayana hata harufu."

Siku hiyo ndipo tulipofundishwa somo ambalo sijalisahau. Madam alimwaga matumbo kwenye sinia, akagawa samaki watupu, akasema, "Haya. Kila kitu kirudi mahali pake." Tulikaa hadi kengele ya mwisho tukibishana moyo unakaa wapi, utumbo unaanzia upande gani, kifuko kile cha hewa ni cha nani. Anayepasua huona mambo yalivyopangwa tayari. Anayerudisha inambidi afikiri kwa nini yalipangwa hivyo. Mimi hadi leo hufundisha hivyo, na wanafunzi wangu hudhani nimebuni.

Sasa nije kwenye chai.

Wakimbizi walipozidi, shule ilitoa maabara. Haikuwa vita wala ugomvi; watu walikuwa wamelala ufukweni na watoto, mvua inanyesha, na mablanketi na magunia ya unga yalihitaji chumba chenye kufuli. Madam mwenyewe ndiye aliyetoa ufunguo. Waliambiwa ni kwa muda. Meza zikasogezwa, magunia yakaingia, na chupa za Madam hazikuwa na pa kukaa.

Zilikuwa chupa za kioo zenye viumbe ndani: samaki, vyura, nyoka mdogo, kijusi cha mbuzi, vyote vikielea kwenye fomalini, dawa ile ya kuzuia kuoza. Tulizibeba sisi wanafunzi, tukipanga foleni kama wabeba maji, hadi nyumbani kwake. Akazipanga sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na zilipojaa juu zikaingia ndani, kando ya vikombe.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekunywa chai kwake.

Usiwalaumu upesi. Fomalini ni dawa inayotumika chumba cha maiti, na watu walilijua hilo. Walimpenda Madam, walimsalimia, walimletea ndizi. Mwezi wa Ramadhani majirani walimpelekea futari, ingawa hakuwa anafunga. Yeye, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, aliirudisha na mandazi aliyoyakanda mwenyewe. Mandazi yale yaliliwa na kuku. Mtu akifika kwake alisimama kizingitini na kuongea akiwa amegeukia nje.

"Karibu ndani, chai iko tayari."

"Nimeshiba, Mwalimu."

"Na wewe?"

"Nami nimeshiba."

"Kigoma nzima mmeshiba," alisema Madam, na akacheka, na akarudi ndani peke yake.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, kama sisi sote. Alijua samaki wa Tanganyika hadi mpangilio wa meno yao, lakini aliliogopa ziwa. Hakuwahi kuingia maji yakapita vifundo vya miguu. Baba wa mwanafunzi mwenzetu alipofariki Mwamgongo, ambako hufiki bila boti, darasa zima lilikwenda kuzika. Madam alitusindikiza hadi Kibirizi, akampa kiongozi wa darasa khanga za kumpelekea mfiwa, akasimama mchangani.

"Madam, twende!" kijana mmoja alimwita kutoka kwenye boti. "Samaki wako watakupokea!"

"Ndiyo ninachoogopa," akajibu. "Nimewapasua ndugu zao."

Tulicheka hadi boti ikayumba. Tuliporudi jioni alikuwa mchangani palepale. Hatukujua kama aliondoka akarudi, au kama hakuondoka.

Mtu mmoja tu alikunywa ile chai. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya Kongo, mwanamume wa makamo aliyevaa koti wakati wa joto. Usiku alikuwa akilala na wenzake kwenye madarasa, na asubuhi moja alimwona Madam akiwa na ndoo yake, akaipokea amsaidie, akauliza kilichomo. Alipoonyeshwa, hakuirudisha. Kumbe na yeye alifundisha biolojia kwao. Mimi nilikuwa nimepeleka madaftari ya darasa nyumbani kwa Madam siku mgeni huyo alipokaribishwa. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye kabati, akainama mbele ya ngege jike mwenye mayai mdomoni. Ngege hulea hivyo, huyahifadhi mayai mdomoni na hali kitu mpaka watoto waogelee.

"Huyu mama," akasema. "Na kwetu tulikuwa naye mu chupa, sawa na huyu. Sijue kama darasa ingali iko."

Madam akamimina chai, akamsogezea kikombe kilichokaa kando ya nyoka, akangoja. Nilimwona akingoja. Yule mgeni akanywa.

"Wengine hawanywi," Madam akasema.

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

"Juu ya hawa."

Mgeni akazitazama chupa, akatazama kikombe. "Samaki iko mu chupa, chai iko mu kikombe," akasema. "Uniongezee."

Kwa muda wa msimu mmoja wa mvua sauti zao zilisikika hadi barabarani. Walibishana kama wagomvi: mimea ifundishwe kabla ya wanyama au baada, mwanafunzi achore kwanza au asome kwanza. Watu walinong'ona, kama watu wanavyonong'ona. Kisha malori yakaja kuwapeleka wakimbizi kambini. Madam alikwenda hadi kwenye lori na ile chupa ya ngege mama, ameifunga kwa kitambaa. Mgeni aliipokea, akaishika kidogo, akamrudishia.

"Kule nitaieleza vipi, Mwalimu? Kaa nayo."

Lori likaondoka. Kama barua zilikuja baadaye, sisi hatukuziona. Madam alirudi na chupa yake, akairudisha kando ya vikombe, na siku ya pili alitufundisha mzunguko wa damu bila kukosea hata mstari mmoja. Maabara haikurudi mwaka ule, wala uliofuata.

Wakati wetu wa kuchagua kombi ulipofika, yaani yale masomo matatu utakayosoma kidato cha tano na cha sita, Madam aliweka ngege mmoja mezani. Safari hii alikuwa mzima. Alimnunua kwa wavuvi wenyewe kabla mama hajamgusa.

"Samaki ni huyu huyu mmoja," akasema. "Tofauti ni maswali. Anayeuliza moyo wake unasukumaje damu, na kwa nini unasimama, huyo asome fizikia, kemia na biolojia, ndiyo PCB. Anayeuliza kwa nini anaishi kwenye ghuba hii na si ile, na maji yakichafuka ataenda wapi, huyo achukue kemia, biolojia na jiografia; hiyo ni CBG. Anayeuliza mtoto akimla atapata nini mwilini, kuna shule chache zenye somo la lishe pamoja na kemia na biolojia. Na anayeuliza tutamfuga vipi, aende kwenye kilimo. Hakuna swali la wenye akili na swali la wajinga. Kuna swali lako na swali la mwenzako."

Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono. "Madam, na anayeuliza ataiva saa ngapi?"

"Huyo naye ni mwanasayansi. Ajitahidi kemia."

Mimi swali langu lilikuwa la ghuba. Labda kwa sababu ya baba, sijui. Nilitaka CBG, na nikamwambia mama.

Mama hakupiga kelele. Aliendelea kuparua samaki. "Usome," alisema, "lakini si hayo ya chupa."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimemwona anayeyasoma. Utapelekwa mbali kama yeye, mahali wasipojua kwenu. Utapika chai, utamwaga. Nani atakula kwako, Tausi?"

Nilikuwa nataka ile CBG kuliko kitu chochote, na nilikuwa naona wazi kwamba mama hasemi uongo.

Madam alipopata habari alikuja nyumbani. Alikaa mkekani, akala nasi ugali na samaki wa mgebuka, akasifu, akaongezewa. Ndipo nilipogundua kwamba yeye hula kwa kila mtu. Mama alimnawisha mikono, akakunja khanga yake vizuri, akasema:

"Mwalimu, nikuulize bila kukuvunjia heshima."

"Uliza, Mama Tausi."

"Hii biolojia imekupa nini?"

"Imenipa kazi ninayoipenda. Sijaamka hata siku moja nikakosa kitu cha kutazama."

"Na mtu wa kula naye?"

"Hilo halimo kwenye silabasi."

Mama alicheka, kisha akaacha. "Ndilo ninaloliogopa."

Madam aliivuta ndoo yake karibu. "Mama Tausi, kinachofukuza watu kwangu ni chupa. Biolojia haimfukuzi mtu. Maabara ikirudi, chupa zitarudi huko."

"Na isiporudi?"

Madam alisimama. Aliaga, akachukua ndoo yake, na mama alimsindikiza hadi barabarani, kwa heshima zote.

Fomu nilikuwa nimeshaijaza. Majina yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa CBG, shule ya wasichana, mbali, mwendo wa treni. Mama alizunguka na jambo hilo siku kadhaa bila kulitaja. Kisha asubuhi moja niliamka nikamkuta anafunga dagaa wa kukaanga kwenye mfuko.

"Umekubali, Mama?"

"Sijakubali. Nimechoka kukataa."

Stesheni walikuja wote wawili. Treni ilipoanza kuondoka nilichungulia dirishani nikawaona wamesimama mbalimbali, mama upande huu na Madam upande ule na ndoo yake, kama watu wasiofahamiana.

Nikasoma. Nikawa mwalimu, nikapangiwa kusini kabisa, Lindi, ambako nikilitaja ziwa langu huulizwa kama lina chumvi. Ni watu wema. Wananisalimia, wananiletea mihogo. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, husikia wanawake wakiitana kwa lugha yao nyuma ya ua, na mimi huwasha jiko, nachemsha maji ya kikombe kimoja. Kama unachagua njia hii, nakuambia ukweli: hilo lipo. Jiandae nalo kama unavyojiandaa na mtihani wa vitendo.

Miaka mingi ikapita kabla ya likizo ninayotaka kukueleza; zile za katikati zilikuwa fupi, na mama hakunitajia habari za Madam. Nilifika Ujiji nikamkuta mama anajitayarisha kutoka, ana kibakuli chenye ngege. Nilitazama ndani. Ngege alikuwa na magamba, na tumbo lake halijaguswa.

"Mama, huyu hujampasua."

"Madam anamtaka mzima," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita Madam.

Madam alikuwa amestaafu na kupanga chumba na sebule, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nywele zimekuwa nyeupe, anatembea akishika ukuta. Maabara ilikuwa imesharudi zamani, ina chupa mpya. Hizi za kwake hakuna aliyezidai. Zilikuwa juu ya kabati lilelile, dawa imegeuka njano, na ngege mama alikuwa bado kando ya vikombe. Nilimshika miguu. "Shikamoo, Madam." Akanitazama muda mrefu kabla ya kuitikia. Nadhani alikuwa anafuata kanuni yake, anatazama kwanza. Kisha akasema, "Tausi. Swali la ghuba."

Wakati huo mama alikuwa ameshafungua kabati. Hakuuliza sukari iko wapi. Alisogeza nyoka, akatoa vikombe vitatu, akamimina, akaketi, akanywa.

Nilibaki na mdomo wazi. "Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya treni," akasema mama. "Nilitoka stesheni nikafika mlangoni kwetu. Nikasikia kimya. Nikashindwa kuingia. Nikaona heri maiti za samaki."

"Alikunywa viwili," Madam akasema. "Nikamwuliza, huogopi? Akasema, naogopa sana, niongezee."

Walicheka pamoja, vicheko vya watu waliokwisha kusimuliana jambo hilo mara nyingi. Nami nikacheka. Ndipo mama akanigeukia, kikombe mkononi.

"Na wewe huko Lindi, nani anakunywa chai yako?"

Nikatazama chupa. Yule ngege alikuwa amefumba mdomo, na ukichungulia vizuri, mayai yalionekana.

"Mwache mtoto anywe kwanza," Madam akasema, akanisogezea kikombe.

Hiyo ndiyo habari yake. Sasa kazi yako. Kesho nenda sokoni, nunua samaki mmoja mzima, na mwambie muuzaji asimpasue hata akikukatalia. Mlaze kwenye sinia penye mwanga. Mtazame kabla hujamgusa, na subiri mpaka ujiulize swali moja ambalo hukufundishwa na mtu. Swali hilo ndilo litakuonyesha kombi yako, jaza fomu. Kisha mpare, mpike, na uende mlango wa pili ukamwite jirani mle naye.